Mwanangu, Angalia Ngazi

Wiki nzima mhariri amekuwa akinisomea salamu zenu. Mnaniita mama mwaminifu, mama wa mfano, mama aliyedhulumiwa. Asanteni. Lakini ziwekeni pembeni kwanza hizo sifa mpaka mmalize ya leo, kwa sababu nadhani mtataka kuzirudisha.

Kwa anayenikuta hapa leo: mume wangu alifariki, na kwa kuwa hatukujaliwa mtoto, ndugu zake wakaichukua nyumba kabla hata viti vya msiba havijarudishwa. Nikapanga chumba. Nikatafuta kazi. Dalali mmoja wa nyumba, mzee anayeitwa Kitasa, akanipokea kwenye benchi lake nje ya duka la fotokopi. Yeye anashika funguo na kuongea na wenye nyumba. Mimi napanda ngazi na wateja. Wakanipa jina la Mama Taratibu, kwa sababu sionyeshi chumba bila kufungua kila bomba.

Tulipoachana na ninyi wasomaji nilikuwa nimegundua kwamba katika kila kamisheni mzee ananipa robo tu. Nikaapa asubuhi yake nitafungua mdomo.

Nikaufungua.

"Mzee, nina neno."

"Neno gani asubuhi yote hii? Kaa kwanza."

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitapoa.

"Nataka nusu."

Akacheka mpaka funguo zikalia kiunoni. Anazifunga zote kwenye mshipi, akitembea unadhani mlinzi wa gereza anakuja.

"Nusu ya nini, mama? Ya chai?"

"Nusu ya kamisheni. Mimi ndiye ninayepanda. Mimi ndiye ninayenusa kuta kama zina unyevu. Mteja akikataa chumba cha kwanza na cha pili, nazunguka naye mpaka viatu vinaomba msamaha. Wewe umekaa hapa."

"Nimekaa hapa na funguo. Jina ni langu, simu ni yangu, wenye nyumba ni wangu. Wewe una nini?"

"Miguu."

"Kila mtu ana miguu."

"Wewe huna. Una goti bovu na kisingizio kizima."

Madalali wenzetu wakaangua kicheko. Mmoja alimwaga chai. Hata Kitasa mwenyewe ilibidi ajifute machozi, na hapo nikajua amelainika.

"Haya. Thuluthi," akasema.

"Nusu."

"Thuluthi, na chai juu yangu."

"Chai nakunywa nyumbani."

Akaacha kucheka. Akanisogeza pembeni, sauti chini, kama mtu anayeongea na dada yake.

"Sikiliza. Nusu nampa mtu ambaye naweza kumwachia funguo nikalala. Wewe bado sijakujua. Usikasirike. Thuluthi kwa sasa."

Nikameza. Thuluthi si robo. Tukapeana mikono.

"Na sheria ya benchi unaijua?" akaniuliza, mkono bado ameushika.

"Ipi?"

"Mteja akiwa mtoto wako wa kumzaa, hatugawani. Kamisheni yote yako, mimi sigusi hata sumni. Siwezi kula kwa mtoto wa mwenzangu. Lakini na wewe ndiye dhamana. Ukishasema huyu ni wangu, mwenye nyumba akimkosa yeye anakushika wewe."

Nilitaka kumwambia sheria hiyo hainihusu. Sikumwambia. Mwanamke wa umri wangu anaitwa mama na watu wanaishia hapo, hakuna anayeuliza mama wa nani. Mimi huwa naacha hivyo hivyo. Ukianza kueleza, watu wanakupa pole, na pole hiyo inachoma kuliko swali lenyewe.

Basi nikanyamaza. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Siku chache baadaye akaja binti mmoja msusi. Alikuwa amebeba kigoda cha kusukia chini ya kwapa, vidole vinanukia mafuta ya nywele.

"Shikamoo mama. Natafuta chumba. Na kabla hujaniuliza, ndiyo, mimi ni msusi, na ndiyo, sina mume."

"Marahaba. Mbona unajibu kabla ya kuulizwa?"

"Nimechoka kuulizwa, mama. Kila mlango wananiambia wasusi wanaleta watu."

Nilimpenda hapo hapo.

Chumba kilichomfaa kilikuwa ghorofani kwa Matroni. Huyu ni muuguzi mkuu mstaafu, mwenye nyumba, na mpaka leo anatembea kwenye korido yake kama kuna wagonjwa pande zote. Anaangalia kucha zako kabla ya uso wako. Kwenye simu alikuwa amesema wazi: "Msichana asiye na mtu simtaki. Akija na mzazi wa kumjibia, nitampokea kwa kodi ya mwezi mmoja. Akija peke yake, alipe ya nusu mwaka mbele."

Binti hakuwa na kodi ya nusu mwaka. Nikamwambia twende tukajaribu kumbembeleza. Kitasa akaja mwenyewe, kwa sababu Matroni hakubali ufunguo wake ushikwe na mtu mwingine. Mzee alipanda akiugulia, mkono ukutani.

Ngazi ya nyumba ile ina kidato kimoja karibu na juu kilicholegea. Nilikuwa nimekiona siku niliyokuja kukagua. Binti alikuwa mbele yangu, macho juu, anatazama dirisha lake kwa furaha.

"Mwanangu, angalia ngazi!"

Nikamdaka mkono.

"Asante, mama," akasema.

Juu kule Matroni, aliyekuwa ametutangulia, akageuka. Akatutazama, mimi na yeye, mkono wangu bado uko kwenye mkono wake.

"Kumbe ni mwanao!"

Ndugu msomaji, hapo ndipo palikuwa pa kusema. Ilihitaji muda wa kupiga chafya. "Hapana Matroni, ni mteja." Basi.

Nikamtazama binti. Binti akanitazama.

"Nilijua tu," Matroni akaendelea, uso umemlainika. "Hata paji la uso ni lile lile. Miaka yote nimepokea watoto wa watu wodini, mimi mama na mwana siwakosei."

Kitasa alikuwa amesimama nyuma yangu, anahema.

"Mama Taratibu! Unamleta mwanao kwa mlango wa mbele kama mteja yeyote, na hunong'onezi hata neno?"

Nikajibu: "Kazi ni kazi."

Hicho ndicho nilichosema. Maneno hayo nimeyachambua kama mchele kwenye sinia, nikayapepeta na kuyapepeta. Jiwe silioni. Na bado najua limo.

Matroni akafungua chumba. Nikafungua mabomba kama kawaida yangu, maji yakatoka vizuri. Binti akapewa ufunguo kwa kodi ya mwezi mmoja, na Matroni akaniambia mbele ya wote, "Nampokea kwa uso wako, mama. Likitokea lolote, nakuja kwako."

"Sawa," nikasema.

Tulipobaki wawili chumbani, binti akafunga mlango.

"Mama, kwa nini hukukataa?"

"Na wewe mbona hukukataa?"

"Mimi nimekuita mama tu. Nawaita wote mama. Hata muuza mkaa namwita mama."

"Na mimi mtoto yeyote namwita mwanangu."

Tukatazamana kama watu wawili waliovunja kikombe cha mwenye nyumba na kila mmoja anasubiri mwenzake aokote vipande.

"Mama yako wa kukuzaa yuko wapi?" nikamuuliza.

"Yupo mbali. Tuligombana kwa ajili ya hii kazi. Alitaka nisome, mimi nikataka kusuka. Hajui hata niko wapi."

"Mpigie simu."

"Nitampigia."

"Niahidi."

"Nakuahidi, mama."

Lile neno la mwisho alilisema polepole, tofauti na la muuza mkaa. Nikatoka mbio kabla hajaniona machozi.

Pale benchini Kitasa alikuwa ananisubiri. Alikuwa ameikunja kamisheni kwenye leso yake, yote, akaniwekea mkononi.

"Sheria ni sheria," akasema.

Sasa niwaambie jambo ambalo nilikuwa nalijua na ninyi hamkulijua. Fungu lake la kamisheni ile alikuwa ameshalipangia sindano ya goti. Aliniambia mwenyewe, tulipokuwa tunangoja Matroni arudi sokoni. "Hiki chumba kikipata mtu," alisema, "nitatembea kama kijana." Nilijua hivyo, na nikaikunja leso nikaitia kifuani.

Nikageuka niende. Akaniita.

"Mama Taratibu. Rudi."

Nikadhani amegundua. Nikarudi, leso nimeibana kifuani.

Alikuwa anafungua mshipi. Akazitoa funguo, akazigawa, karibu nusu akazifunga kwa uzi mwekundu.

"Nimefanya kazi hii na watu wengi. Kila mmoja akileta mtoto wake, ni kelele: nipunguzieni, nifanyieni, huyu ni damu yangu. Wewe ulimleta mwanao kimya kimya, akapanga foleni kama watu wote. Hukunipigia hata kope." Akaniwekea funguo mkononi. "Uliniomba nusu nikakukatalia. Nilikosea. Kuanzia kesho ni nusu kwa nusu."

Mliwahi kupewa kitu mlichokililia, mkapewa kwa sababu isiyo yenu? Nusu ile niliipigania kwa hoja zangu zote za haki nikashindwa. Niliipata kwa kunyamaza.

Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikasema asante. Nikapiga goti kidogo, kwa adabu.

Kwenye kikundi chetu cha akina mama kanisani, zamu ya kuongoza sala ikawa yangu. Nikasimama. Funguo zikalia kwenye mkoba. Nikafumba macho, nikafungua kinywa, na hakuna kilichotoka. Hata kumwita Mungu kwa jina nilishindwa.

"Nina mafua," nikasema.

Mwenzangu mmoja, mwenye huruma kuliko nilivyostahili, akachomoa limau mkobani akanipa. Wote wakanitazama. Nikalila mbele yao na maganda yake, kama mgonjwa kweli. Sasa nikawa na uongo wa pili, na huu nao mchungu mdomoni.

Mtasema, basi mama, si urudishe tu fungu la watu? Na mimi nilijiambia hivyo. Nikajiambia pia kwamba nilimsaidia mtoto wa watu aliyekuwa anafukuzwa kila mlango. Maneno mazuri hayo. Yangekuwa mazuri zaidi kama nisingelipwa.

Lakini sijawaambia kubwa kuliko yote. Naomba msinicheke.

Nilianza kwenda kule ghorofani kila Jumapili. Binti alinikalisha sakafuni kwenye mto, kichwa changu kati ya magoti yake, akanisuka. Alikuwa anasema, "Tulia mama, unatikisika kama mtoto." Siku moja Matroni akapita mlangoni na kikombe chake cha chai, akasimama kututazama.

"Ona mama na mwanawe," akasema. "Raha iliyoje."

Wala sikugeuka kumjibu, nilikuwa nimeshikwa nywele. Ila moyoni nilisikia kitu kimekaa mahali pake, kama mlango uliokuwa unakwaruza siku zote na leo umefunga vizuri. Fedha ya Kitasa niliweza kuirudisha siku yoyote. Hicho ndicho sikutaka kukirudisha.

Kitasa naye alikuwa anachechemea kila siku zaidi. Juzi alishindwa hata kuinuka benchini kumsalimia mteja. Akajifanya anatafuta kitu chini. Niliona. Mimi mambo hayo huwa nayaona, ndiyo balaa langu.

Nikapiga moyo konde. Nikaifua leso ile ile nikaipiga pasi, kisha nikaifunga humo fedha yake. Nikachukua funguo zenye uzi mwekundu. Mchana, jua kali, nikaenda benchini.

"Mzee, nina neno."

Madalali wakaanza kucheka kabla yake. "Haya, leo anataka robo tatu!"

"Mwacheni," Kitasa akasema. "Akitaka nampa. Sema, mama."

"Ni kuhusu mwanangu."

"Mwanao ana nini? Anaumwa?"

"Haumwi. Mzee, siku ile pale kwenye ngazi..."

Simu yake ikaita. Akaniinulia kidole nisubiri. Sauti ya Matroni haihitaji simu, benchi zima liliisikia.

"Kitasa! Kuna mwanamke hapa getini na mzigo kichwani. Anasema ni mama wa msusi!"

Mzee akacheka. "Mama wa msusi si huyu hapa mbele yangu?"

"Ndivyo nilivyomwambia! Anasema yeye ndiye aliyemzaa. Anataja mpaka kovu la begani!"

"Matapeli wa siku hizi hata kovu wanasomea. Usimfungulie. Msusi mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko saluni, simu haipokei. Nimemwita mlinzi wa jirani amshike mkono asiondoke. Akiendelea kung'ang'ania naita polisi."

"Mzee," nikasema. Nadhani nilisema. Sikuisikia sauti yangu mwenyewe.

"Tulia, mama." Uso wake ulikuwa umekaza, sijawahi kumwona hivyo. "Hakuna wa kukunyang'anya mtoto mimi nikiwa hai." Akabonyeza simu sauti isikike kwa wote. "Matroni, mpe huyo mwanamke simu. Aongee na mwenye mtoto."

Akaniwekea simu kiganjani. Leso ikaanguka miguuni pangu, hakuna aliyeiangalia.

Kwanza nikasikia mtu anahema. Kisha sauti ya mwanamke wa rika langu, imekauka kwa safari.

"Halo? Dada yangu?"

Nikaikamata simu kwa mikono miwili.

"Dada yangu, ni wewe? Mimi sikuja kwa ugomvi. Mtoto alinipigia simu, tukalia, tukapatana. Akaniambia kuna mama huku amemtunza, ndiye aliyemwambia anipigie. Nimekuja nikushukuru. Nimekuletea na kitenge." Akavuta pumzi. "Sasa hawa wamenishika mkono. Wanasema mimi mwizi wa watoto. Dada yangu, waambie tu wanifungulie. Jua linanichoma."

Madalali wote walikuwa wananitazama. Hata mashine ya fotokopi ndani ilikuwa imesimama.

Kitasa akainuka. Kwa goti lile. Akasimama karibu yangu, akaniwekea mkono begani kama kaka, akainama sikioni mwangu.

"Usimwogope," akaninong'oneza. "Mwambie ukweli, mama. Mwambie mtoto ni wa nani."